Ukingoni mwa Meli ya Utafiti: Baharia wa Sitaha na Fundi wa Uwandani Wanafanya Nini Hasa

Meli ya utafiti ina wakubwa wawili. Nahodha ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu usalama wa watu, wa chombo na wa bahari yenyewe, na sheria inamlinda katika hilo. Mkuu wa wanasayansi ndiye anayesema meli ielekee wapi, isimame wapi, ishushe kifaa gani na hadi kina gani, kwa kuwa safari nzima imegharamiwa ili kazi hiyo ifanyike. Kwa sehemu kubwa ya safari hawagongani. Ila ziko mita chache za sitaha, pale ukingoni kifaa kinaponyanyuliwa na kutolewa nje ya meli, ambapo mamlaka hizo mbili hukutana mara kadhaa kila siku, usiku na mchana. Wanaosimama hapo ni baharia wa sitaha na fundi wa uwandani. Kazi zao huchanganywa sana na watu wa nchi kavu, na asiyezielewa hawezi kuelewa takwimu za bahari zinatoka wapi.

Baharia wa sitaha ni mtu wa meli. Yuko chini ya serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha, na serahangi yuko chini ya ofisa mkuu wa sitaha. Kamba, nanga, kreni, winchi (mtambo wa kushusha na kuvuta kebo), kuangalia mbele wakati wa zamu, kukwangua kutu na kupaka rangi, yote hayo ni yake, iwe meli inafanya utafiti au inabeba saruji. Fundi wa uwandani ni mtu wa vifaa. Vihisi, kebo, viunganishi, chupa za sampuli na kompyuta zinazopokea data viko chini ya uangalizi wake. Mara nyingi ameajiriwa na taasisi inayomiliki meli, kwa hiyo wanasayansi huja na kuondoka, yeye anabaki, na ndiye anayekumbuka kihisi kipi kilisumbua safari iliyopita. Katika meli kubwa hawa ni watu wawili tofauti. Katika boti ndogo za pwani zenye wafanyakazi wachache, mtu mmoja hufanya zote mbili: anafungua kamba gatini alfajiri, anaendesha winchi asubuhi, na jioni anaosha vihisi kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuhifadhi data. Nadhani mkanganyiko umeanzia huko, kwenye boti ndogo, ambako wengi wetu huiona kazi hii kwa mara ya kwanza.

Sheria nayo inawatenganisha. Baharia lazima awe na vyeti vinavyotambuliwa na mkataba wa STCW wa mwaka 1978, unaoweka viwango vya mafunzo ya mabaharia duniani. Fundi na mwanasayansi si mabaharia kwa maana hiyo, lakini pia si abiria. Shirika la kimataifa la usafiri wa majini, IMO, liliwawekea kanuni zao, ambazo toleo linalotumika sasa ni la mwaka 2008, kwa meli zenye ukubwa wa tani 500 na zaidi zinazochukua zaidi ya watu 12 wa namna hiyo. Humo wanaitwa watu maalumu. Kanuni inachukulia kwamba wana afya na nguvu, wanaijua ramani ya meli, na wamefundishwa taratibu za usalama na matumizi ya vifaa vyake kabla ya kuondoka bandarini. Tofauti hiyo huonekana kengele ya dharura inapolia. Baharia hukimbilia kazi aliyopangiwa, kwenye bomba la kuzimia moto au kwenye boti ya kuokolea; watu maalumu huvaa majaketi ya kuelea na kwenda mahali pa kukusanyikia wahesabiwe.

Twende sasa ukingoni penyewe.

Kifaa kinachoshushwa mara nyingi zaidi katika utafiti wa bahari kuu ni fremu ya duara iliyozungushiwa chupa 12 au 24 ndefu za plastiki. Chini ya chupa hizo kuna vihisi vya joto, vya shinikizo la maji, na vya uwezo wa maji kupitisha umeme, ambao ndio hutumika kukokotoa kiwango cha chumvi. Kila mtu melini huita mtambo huu kwa herufi tatu tu, CTD, kifupi cha maneno ya Kiingereza ya upitishaji umeme, joto na kina. Chupa zenyewe huitwa Niskin, kwa jina la Shale Niskin aliyezibuni miaka ya 1960. Zinashuka zikiwa wazi juu na chini, vifuniko vimevutwa na kushikiliwa kwa nyuzi. Fundi akiwa maabara anabonyeza, ndoano inaachia uzi, mpira ulio ndani unavuta vifuniko viwili kwa pamoja, na maji ya kina kile yanafungiwa humo.

Kabla ya hapo fundi huzunguka fremu na kugusa kila chupa kwa mkono. Anahakikisha koki ya chini imefungwa na kizibo kidogo cha hewa cha juu kimekazwa. Kizibo hicho kina ukubwa wa kidole gumba, na ndicho hufanya maji ya mita 4,000 yawe maji ya mita 4,000. Kikiachwa wazi, chupa itafungwa vizuri huko chini, lakini inapopanda itakuwa ikibadilishana maji na kila tabaka inalopitia. Itafika juu imejaa, haina dosari kwa macho, na namba zitakazotoka humo zitakuwa za uongo.

Kisha kunyanyua. Fremu kubwa ikiwa tupu ina uzito wa kilo mia kadhaa, na chupa 24 za lita 10 zikijaa huongeza kilo 240 nyingine. Meli inayumba, na mzigo unaoning'inia huyumba zaidi ya meli. Mabaharia wawili huushikilia kwa kamba za kuzuia, kila kamba ikiwa imezungushwa kwenye kigingi cha chuma ili msuguano ndio ubebe nguvu. Hapa kuna sheria ambazo serahangi hazirudii mara mbili. Kamba haizungushwi mkononi hata mara moja. Mguu hauingii ndani ya duara la kamba iliyolala sitahani. Hakuna anayepita chini ya mzigo, wala anayesimama mahali ambapo waya uliokaza utafyatukia ukikatika. Mmoja tu ndiye anayempa ishara mwendesha winchi, ili asipokee amri mbili zinazopingana. Lakini ishara ya kusimamisha inaweza kutolewa na yeyote, hata mwanafunzi wa safari yake ya kwanza, na winchi husimama kwanza, maswali baadaye.

Hatari kubwa kuliko zote iko pale fremu inapogusa maji. Wimbi linaiinua, waya unalegea, wimbi linashuka, waya unakazwa ghafla kwa nguvu kubwa mara kadhaa kuliko uzito wa mzigo. Ndiyo maana mwendesha winchi hodari haachi fremu ielee juu juu. Anaipitisha kwenye uso wa bahari haraka hadi mita 10 hivi na kusimama. Hapo fundi anasubiri pampu ya vihisi ianze kuvuta maji na namba zitulie. Akisharidhika anasema sawa kwenye simu ya upepo, fremu inarudishwa karibu na uso, na safari ya chini inaanza.

Historia ya mahali hapa ina damu. Meli ya Uingereza Challenger ilizunguka dunia kuanzia 1872 hadi 1876 ikiwa na wataalamu sita wa kiraia na mabaharia zaidi ya mia mbili, nayo ndiyo mara nyingi hutajwa kuwa mwanzo wa sayansi ya bahari. Vina vilipimwa kwa kamba ya katani yenye uzito mwishoni, na mwezi wa Machi 1875 kamba hiyo ilishuka karibu mita 8,200 katika Pasifiki ya magharibi. Wataalamu waliandika majuzuu 50 ya matokeo. Kwa mabaharia ilikuwa kazi ya kuvuta tope kutoka sakafu ya bahari siku baada ya siku, na makumi yao walitoroka bandarini. Mwaka 1873 kijana mmoja alifariki baada ya kapi la kamba ya kukokotea kung'oka na kumpiga. Naona ni haki wakumbukwe katika habari ileile ya ugunduzi, kwa sababu hakuna namba hata moja katika majuzuu yale ambayo haikupitia mikononi mwao.

Leo kamba imekuwa kebo ya chuma yenye unene wa milimita 8 hivi, ndani yake nyaya zinazopeleka umeme chini na kurudisha data juu. Inashuka kwa kasi ya karibu mita 60 kwa dakika, hivyo kufika mita 5,000 huchukua zaidi ya saa moja na dakika 20, na kupanda huchukua muda mrefu zaidi kwa sababu ya vituo vya kufunga chupa. Jambo ambalo watu wa nchi kavu hawalifikirii ni kwamba kebo yenyewe ni mzigo. Kila kilomita yake ina uzito wa zaidi ya kilo 200 ikiwa majini. Kwenye mita 5,000, kebo peke yake imeshafika tani moja kabla hujahesabu fremu na mtikisiko wa mawimbi. Kebo ya namna hii hukatika kwenye nguvu ya tani nne na nusu hivi ikiwa mpya, na hairuhusiwi kukaribia huko.

Hapo ndipo wale wakubwa wawili hukutana. Upepo umepanda, waya umeanza kulala pembeni badala ya kushuka wima, kipimo cha mvuto wa kebo kinarukaruka. Mkuu wa wanasayansi anazitaka mita 500 za mwisho, kwa sababu maji ya chini kabisa ndiyo yaliyomleta. Ofisa wa zamu anataka fremu ipande sasa. Kisheria neno la ofisa, kwa niaba ya nahodha, ndilo linalopita. Lakini kati ya kushuka na kupanda kuna njia nyingi za katikati, na fundi mzuri ndiye anayezijua: kupunguza kasi ya winchi, kumwomba ofisa ageuze omo, yaani mbele ya meli, digrii chache upande wa upepo, au kufunga chupa zilizokusudiwa kwa ajili ya sakafu papo hapo zilipo ili safari isiwe bure. Mtu anayeweza kuzungumza na chumba cha usukani kwa lugha ya mvuto na pembe, kisha akageuka na kuzungumza na maabara kwa lugha ya oksijeni na chumvi, ndiye anayeokoa kituo, yaani kazi nzima ya mahali hapo meli iliposimama kupima. Ujuzi huo haumo katika tangazo lolote la kazi nililowahi kusoma, na ningeutanguliza mbele ya shahada.

Wakikaribia sakafu, kifaa cha sauti kilichofungwa kwenye fremu huanza kuhesabu umbali uliobaki, na winchi hupunguzwa. Kawaida husimama mita kama 10 kutoka chini. Fremu ikigusa tope, kebo hulegea juu yake, hujipinda, na pindo moja likishakazwa kebo imeharibika. Mafundi hukata kipande kizima na kutengeneza kichwa kipya cha kebo, kuunganisha umeme, kuziba maji yasiingie, kisha kujaribu kwa mvuto kabla ya kushusha tena. Kazi hiyo inaweza kumaliza usiku.

Fremu ikirudi sitahani na kufungwa, wanaotaka maji hujipanga kwa utaratibu usiovunjwa. Gesi hutangulia. Wa oksijeni huchota mapema, wa kaboni hufuata, halafu virutubisho, na chumvi huja mwisho, maana chupa ikishafunguliwa hewa inaingia juu ya maji na gesi zinaanza kubadilika, wakati chumvi inaweza kusubiri. Kabla ya yote, mtu hufungua koki bila kufungua kizibo cha hewa. Maji yasipotoka, chupa ni nzima. Yakitiririka, hewa inaingia mahali fulani, chupa imevuja, na namba yake huandikwa.

Kuchota oksijeni ni kazi ya mkono hasa. Mrija laini unaingizwa hadi kwenye kitako cha chupa ndogo ya kioo, maji yanaachwa yapande polepole bila povu, kisha yamwagike juu kiasi cha mara mbili tatu ya ujazo wa chupa. Kiputo kimoja kilichonasa kwenye mrija kinatosha kuharibu sampuli, kwa hiyo mchotaji huubana mrija kwa vidole na kuuinua kukifukuza. Joto la maji linapimwa palepale. Dawa mbili zinaongezwa, ya manganizi na ya iodaidi yenye alkali, kizibo cha kioo kinashushwa kwa mshazari ili kisifunike hewa, na chupa inatikiswa. Ndani yake inajitokeza mashapo ya kahawia. Kadiri oksijeni ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea. Mbinu hii ilitolewa na mkemia Ludwig Winkler mwaka 1888, na mpaka sasa vihisi vya kisasa vya oksijeni hulinganishwa nayo.

Kuna mgongano mwingine kati ya kazi hizi mbili ambao wageni hawautarajii, nao ni kutu. Baharia anayejali meli yake hukwangua kutu kila siku hali ya hewa inaporuhusu. Sasa meli ileile ikabebe wanasayansi wanaopima madini ya chuma yaliyoyeyuka baharini, ambayo katika maji ya juu ya bahari kuu yanaweza kuwa chini ya nanomoli moja kwa lita. Hicho ni kiasi kidogo kuliko sehemu moja ya milioni kumi ya gramu katika lita nzima. Vumbi la kutu linalopeperuka kutoka upande wa upepo linazidi hapo mara nyingi. Kwa miongo kadhaa takwimu za madini ya namna hii zilipotoshwa na meli zenyewe, chupa zake na waya zake. Wanasayansi Clair Patterson na Bernhard Schaule walipochapisha vipimo vyao vya madini ya risasi katika Pasifiki mwaka 1981, vilivyochotwa kwa usafi wa hali ya juu, ilidhihirika kuwa vingi vya awali vilikuwa juu mno. Ndiyo maana katika safari hizo serahangi huambiwa ratiba ya vituo mapema, ukwanguaji husitishwa, grisi haipakwi karibu na winchi ya sampuli safi, jikoni hawamwagi maji, na moshi wa dohani unaelekezwa upande mwingine kwa kugeuza meli. Baharia aliyeelezwa sababu hulinda sampuli kwa bidii kuliko mwanafunzi. Aliyeamrishwa tu aache kazi yake huona amedharauliwa, na kwa kweli amedharauliwa.

Muda nao una hesabu yake. Safari za kupima bahari kutoka uso hadi sakafu huweka kituo kila maili 30 hivi za baharini. Meli ikienda noti 10, yaani maili 10 za baharini kwa saa, ni saa tatu za mwendo na saa tatu au nne za kazi, kisha kituo kingine, kwa wiki kadhaa mfululizo. Wanasayansi na mafundi hugawana zamu za saa 12, kwa kawaida kutoka saa sita mchana hadi saa sita usiku na kinyume chake. Mabaharia wengi hushika saa nne na kupumzika nane. Mkataba wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unataka mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Mwenye zamu ya saa 12 anabakiwa na saa 84 kwa wiki, hivyo kwenye karatasi anatimiza. Lakini mazoezi ya dharura, kichwa cha kebo kilichoharibika na usingizi wa mchana katika kitanda kinachobiringika hula saa hizo saba za ziada kwa haraka. Mkuu wa wanasayansi mwenye busara huacha nafasi tupu katika ratiba.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tabu hii iendelee wakati kuna maboya yanayojiendesha. Mpango wa Argo una karibu maboya 4,000 baharini, ambayo kila siku 10 hushuka hadi mita 2,000 na kupanda yakipima. Yamebadilisha elimu yetu ya bahari kabisa. Ila mengi hayashuki chini ya hapo, ambako karibu nusu ya maji yote ya bahari iko, na vihisi vyake huhama polepole, yaani namba zake hupotoka kidogo kidogo, bila mtu wa kuvisafisha. Namna ya kujua vimehama ni kuvilinganisha na vipimo vya meli vyenye usahihi wa hali ya juu. Joto la maji ya vilindi hubadilika kwa sehemu za mia za digrii katika muongo mzima. Katika vipimo vya chumvi na gesi vinavyotaka usahihi wa namna hiyo, kizibo cha hewa kilichosahaulika ni kosa kubwa kuliko mabadiliko yanayotafutwa.

Kwa sababu hiyo daftari la kituo lina uzito sawa na maji. Humo fundi huandika saa kwa muda wa dunia, mahali, kina, hali ya bahari, na hali ya kila chupa kwa namba zinazoeleweka kimataifa: 2 kwa chupa isiyo na tatizo, 3 kwa iliyovuja, 4 kwa isiyofunga inavyotakiwa, 9 kwa ambayo haikuchotwa. Kuandika 3 saa tisa usiku, wakati kila mtu anatamani kituo kiwe kimekwenda vizuri, kunahitaji uadilifu. Mtafiti atakayefungua data hiyo miaka 30 baadaye hana njia nyingine ya kujua.

Njia za kuingia ni mbili, kama zilivyo kazi zenyewe. Upande wa sitaha huanza na mafunzo ya msingi ya STCW, yaani kujiokoa baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama binafsi, pamoja na cheti cha afya. Kisha muda wa baharini unaohesabiwa kwa miezi na kuandikwa katika kitabu cha baharia. Upande wa fundi hufunguliwa zaidi na umeme, mitambo au kemia ya maabara, na kuna waliovuka kutoka sitahani baada ya miaka ya kushika vifaa hivyohivyo. Anayeogopa kichefuchefu cha bahari asikate tamaa mapema: wengi huzoea baada ya siku chache, na dawa humezwa kabla ya kuondoka, maana ukishaanza kutapika haikai tumboni.

Mlango mmoja zaidi unafaa kujulikana na wengi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaitaka nchi au taasisi ya kimataifa inayotaka kufanya utafiti katika eneo la maili 200 la nchi nyingine itume maelezo ya mradi miezi sita kabla. Nchi yenye pwani ina haki ya kushiriki au kuwakilishwa, hasa kwa kupanda meli hiyo pale inapowezekana. Dr. Fridtjof Nansen, meli ya Norway inayofanya kazi na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, na kupeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa, huwachukua wataalamu wa nchi ambazo inapita katika maji yake. Nafasi hizo haziishii kwenye kutazama; anayepanda hupangiwa zamu. Anayezitaka aulize taasisi ya utafiti wa bahari ya nchi yake ni maombi gani ya safari yamepokelewa, na aulize mapema, kwa sababu majina, vyeti vya afya na pasi za kusafiria hushughulikiwa muda mrefu kabla meli haijafika bandarini.